Kilele Kilichokatwa

Kazini walimwita Mama Kilele, maana kila mchoro wake wa ugonjwa ulipanda mlima kabla ya kushuka. Alikadiria mgonjwa mmoja wa kipindupindu huambukiza wangapi, na hao huambukiza wangapi, hadi kompyuta ichore mlima wenyewe. Mwaka jana bosi wake aliipunguza namba ile kwa mkono wake. Mlima ukawa kichuguu, wakubwa wakapiga makofi, vitanda havikuongezwa. Mdogo wake Mama Kilele, muuguzi, aliuguza watu sakafuni mpaka naye akalazwa hapohapo. Hakuinuka.

Tangu hapo Mama Kilele alimsalimia bosi kwa adabu zote, huku moyoni akinoa kisu.

Ugonjwa ukarudi. Bosi akaingia ofisini kwa Mama Kilele, akafunga mlango, akakalia ukingo wa meza. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, kadi zimeshasambazwa, akataka kujua kama kuna hatari.

"Niambie ukweli, dada yangu," alisema. "Siyo ule wa mkutanoni."

Kumbe alijua! Kulikuwa na ukweli wa wanawe na ukweli wa watoto wa watu. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe. Sasa auonje mwenyewe. Mama Kilele akaiingiza namba ya mwaka jana, kichuguu kikatokea, kizuri kama uongo wenyewe. Neno "ruksa" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Lakini macho yake, kwa mazoea ya kazi, yakaanza kufuata mstari. Baba wa bibi harusi, sawa, ale alichokipika. Halafu wapishi. Waosha vyombo. Watoto wa waosha vyombo. Wauguzi. Hesabu ile haikujua kumwambukiza mtu mmoja na kuishia hapo.

Akaifuta.

"Ahirisha harusi," alisema. "Na kesho mkutanoni uniulize tena, mbele ya watu, kwa maneno hayohayo. Kwanza useme nani alikata kilele."

"Unalipiza kisasi?"

"Ndiyo, mzee. Ukinyamaza, nitasema mimi, na mdogo wangu nitamtaja kwa jina."

Kesho yake mkutanoni bosi alisimama, akasema ni yeye aliyekata kilele, kisha akauliza. Mama Kilele alimwacha amalize. Kisha akauwasha mlima ukutani, mzima, hadi juu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi; waliuliza vitanda viko wapi.

Walipokuwa wakitoka, bosi alimpa mkono. Aliutazama, akaupita.