Samaki wa Mama na Chupa ya Hamira

Mama alipohamia kwangu Kismayo kutoka kisiwa cha Chovai, alilicheka sana tangi langu la kioo. Visamaki vya mto Juba, vidogo hata paka hashibi, navifugia nini? Lakini haukupita muda akawa anakunywa chai mbele yao, akiwasimulia habari za kisiwani. Wakawa samaki wake.

Mimi fahari yangu ilikuwa mimea. Niliilisha kwa chupa ya sukari na hamira: ikichacha hutoa hewa ya kaboni, na mpira mwembamba huipeleka majini. Mchana, chini ya taa, mimea huivuta hewa hiyo na kutoa oksijeni, majani yakajaa viputo. Taa ikizimwa, mimea nayo hugombania oksijeni na samaki, na hewa ya kaboni hulimbikana majini. Kwa hiyo jioni lazima uuchomoe mpira na kuwasha pampu ya hewa. Nilijua hayo vizuri sana. Ila pampu ina kelele, na sifa za wageni zilikuwa zimenivimbisha kichwa. Kwa kuwa wakwe zangu walikuwa waje kesho yake, nikazidisha hamira, nikaacha chupa ifanye kazi mpaka asubuhi, pampu sikuiwasha.

Mama naye, ikifika magharibi, hufunika kila chombo chenye maji kwa bismillahi, kama alivyolelewa. Jioni ile aliona haifai samaki wake waachwe nje ya dua. Akalitandikia tangi kanga.

Asubuhi nilimkuta kashika ile kanga, samaki wote wanaelea ubavu.

“Nimewafunika,” alisema, “wakakosa pumzi.”

Chupa ilikuwa bado inatoa viputo karibu na mguu wake. Wakwe wako njiani, nikajiambia, nitamweleza baadaye. Alipokwenda jikoni nikauchomoa mpira, nikaificha chupa nyuma ya kabati. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoifuta hata alama ya maji sakafuni, najichukia.

Magharibi iliyofuata ndoo na birika vilibaki wazi. Baadaye akaja kuniuliza, kwa sauti ya mtu aliye ugenini, kama anaruhusiwa kufunika maji ya kunywa. Mama yangu, kuniomba mimi ruhusa ya kusema bismillahi. Nafsi ilinisuta hadi nikashindwa kula.

Nikaitoa chupa, nikamweleza yote: kanga hupitisha hewa, haikuwadhuru, aliyewaua ni mimi na hamira yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa polepole. Nikaona haniamini. Nikaapa wallahi.

Akaniwekea mkono begani.

“Mwanangu, u mchu mwema,” akasema, “mtu” akimwita “mchu” kama kwao kisiwani. “Lakini usiape urongo kwa sababu yangu.”

Akaenda kutawadha, akaiacha ndoo wazi.