Nyigu wa Philomena

Kwa misimu sita Philomena Sayi alifuga funza wa pamba ndani ya chupa za plastiki, nyumbani kwake nje kidogo ya Bariadi. Majirani walimcheka. Mumewe, Paschal, alimwambia, "Wenzako wanafuga kuku." Yeye aliandika tu. Alikuwa wa kwanza kwa baiolojia siku alipoachishwa kidato cha pili, ng'ombe wa mahari wakiwa wameshaingia zizini kwa baba yake.

Aligundua kwamba funza wengine huliwa kutoka ndani na mabuu ya nyigu wadogo kama chawa. Ukiwahi kupulizia dawa, unawaua nyigu kwanza, funza wanabaki wakistarehe. Yote aliyaandika na kuyachora kwenye daftari.

Bwana shamba Josia akaliazima. "Wiki moja tu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "nikalisome."

Ikapita miezi minane. Ndipo ikaja semina ya wakulima, na kikundi cha akina mama cha Philomena kikapewa kazi ya kupika. Alikuwa anaingiza sufuria ya wali ukumbini aliposikia Josia akisoma maneno yake, neno kwa neno. Ukutani ulining'inia mchoro wake.

"Huu ni utafiti wangu," Josia alisema.

Philomena akatua sufuria. "Hao nyigu wanataga wapi?"

"Mama, maswali baadaye."

"Nauliza sasa. Wanataga wapi?"

"Kwenye majani."

"Mwongo! Wanataga ndani ya funza akiwa bado mdogo. Ipo ukurasa wa tisa, ila hapo nilimwagia chai, ndiyo maana umeshindwa kusoma. Hilo daftari ni langu!"

Mgeni rasmi wa semina akakohoa. "Mama, umesomea wapi?"

"Shambani kwangu."

Ukumbi ukacheka. Mgeni akaeleza kwamba kijitabu cha utafiti huo kimeshachapwa, lakini asijali, ukurasa wa mwisho unawashukuru akina mama kwa chakula kitamu. Wakapiga makofi.

Philomena aliwaachia wali wao. Kesho yake aliketi kwenye benchi la ofisi ya Josia tangu asubuhi, akagoma kuondoka, hadi jioni alipotupiwa daftari mapajani. Kurasa za michoro zilikuwa zimekatwa kwa wembe.

Sasa anachora upya. Kijitabu bado kinagawiwa, jina la Josia juu yake. Wakikutana mnadani, Josia husalimia, "Mwangaluka, mayu," naye hupita bila kuitikia.

Wazee wa mtaa wameshamwita mara mbili kumwonya kuhusu adabu. Josia hawajamwita hata mara moja.