Uso Uliokataa Kuchapika

Anayetaka kucheka acheke sasa, akimaliza anisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, sijalala, wala sijaonja kitu ila chai ya maziwa. Kibanda changu cha kompyuta pale Kenyatta Market kilikuwa wazi, harufu ya nyama choma ikiingia bila kupiga hodi. Na mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Nimetoka magharibi mwa Kenya, kwetu matanga ni siku nyingi, na hakuna maiti aliyewahi kunisalimia.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, kazi iliyonipa ugali ilikuwa vijitabu vya mazishi. Mnavijua: picha ya marehemu mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma. Kamati hugawana majukumu, huyu hema, huyu basi, huyu sufuria, na kijitabu hupewa yeyote mwenye kazi ya ofisini, kwa sababu eti yeye ndiye anajua kompyuta. Ndivyo nilivyoletewa Kariuki, bwana nadhifu wa Kileleshwa mwenye tai. Marehemu alikuwa Mama Njoki wa Dagoretti, shangazi ya mkewe, na mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi.

Alileta picha moja ya arusi. Akina mama walikuwa wamejipanga, kitenge kimoja, kilemba kimoja, kama wanafunzi gwarideni. Nikamuuliza marehemu ni yupi. Akakohoa, akaweka kidole kwenye skrini, juu ya mama mmoja aliyenuna.

"Huyo. Mkate huyo umweke mbele."

"Una uhakika?"

"Madam, huyo ni auntie ya bibi yangu. Sasa nitakosa kumjua?"

Akaenda kutafuta maua, akasema atarudi jioni.

Basi nikabonyeza, printa ikaguruma, karatasi ikatoka. Jina lipo. Kilemba kipo. Kitenge kipo na marembo yake yote. Uso haupo! Palipofaa kuwa na uso palikuwa peupe kama sahani. Nikadhani ni wino. Nikasafisha kichwa cha printa, nikabadilisha katriji, nikachapa picha ya mpwa wangu, akatoka mzima hadi kamasi. Nikarudia ya marehemu: sahani. Na kwenye skrini mama yule alikuwepo vilevile, amenuna, ananikodolea macho. Watu wangesimama vipi kaburini na kijitabu kisicho na uso? Ningeambia nini familia ya watu? Nilikaribia kulia, nawaambia ukweli.

"Pole, msichana wangu. Hiyo mashine inakusumbua?"

Kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mama wa makamo, kitambaa kichwani, mikono juu ya mapaja, akitabasamu na pengo la jino moja mbele. Sikumsikia akiingia, lakini soko lina kelele, nani husikia nyayo? Nikamwambia inanisumbua sana. Akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye nafasi, inakuwaje mtu aonekane kwenye kioo na kwenye karatasi akose. Nami, ukiniuliza habari za kompyuta, huninyamazishi.

Nikamweleza kwamba kompyuta inafikiri gizani, na inatoa mawazo yake kwa njia mbalimbali. Skrini ni ya macho. Hiyo yangu ilikuwa ile kubwa yenye kisogo, na humo nyuma kuna mwali unaopiga kioo kwa ndani, mstari baada ya mstari toka juu hadi chini, na dawa iliyopakwa kwenye kioo inang'aa nyekundu, kijani na buluu. Ni mwanga tu. Ukizima umeme, mtu ameenda. Printa ni ya kushika mkononi: kichwa chake kinakimbia huku na huku kikitema matone ya wino kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Na spika ni ya masikio, sumaku inasukuma kipande cha karatasi ngumu, karatasi inatikisa hewa, na hewa inakufikia wewe.

Alisikiliza kwa utulivu kuliko wateja wangu wote. Kisha akainuka, akaja nyuma yangu. Nilihisi baridi shingoni, nikalaumu mlango.

"Kwa hivyo hapo kwa kioo ni mwanga, unaweza weka mtu yeyote. Lakini karatasi watu wataenda nayo nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo hawezi toka. Huyo ni wifi ya Mama Njoki. Saa hii ako Dagoretti anapika chapati za wageni." Akacheka kidogo. "Enda upande, huyo wa mwisho. Yule anacheka."

Sijui kwa nini nilitii. Nilimkata yule wa mwisho, nikabonyeza. Printa ikaanza kushona mstari kwa mstari: kilemba, paji la uso, macho mawili yaliyofinywa na kicheko, kisha mdomo wazi na pengo la jino moja la mbele. Pengo lilelile nililoliona sasa hivi kwenye benchi langu!

Nikageuka. Benchi tupu. Na spika zangu, ambazo nilikuwa nimezichomoa ukutani tangu asubuhi, zikacheka. Mara moja tu, kicheko kifupi cha mtu aliyeridhika.

Kariuki aliporudi na maua yake, alitazama kijitabu akabadilika rangi. "Huyu ni nani?" Akampigia mkewe simu, akamweleza pengo. Nilimsikia mke kutoka nilipokaa:

"Huyo ndiye auntie! Kwani wewe ulikuwa umeweka nani?"

Ndipo alipokiri. Alimwona yule shangazi arusini tu, na mkwe hamkodolei macho shangazi ya mkewe. Adabu ilimzuia kumjua, halafu aibu ikamzuia kuuliza.

Kesho yake nilienda Dagoretti mwenyewe. Yule aliyenuna nilimkuta jikoni, unga hadi viwikoni, mzima kabisa. Nilipomweleza alivyoponea kuombolezwa, alicheka hadi akaketi chini. Lakini Njoki, bintiye marehemu, alikishika kijitabu kwa mikono miwili, akalia. Aliniambia mamake alikuwa akifunika mdomo kila akipigwa picha, kwa ajili ya lile pengo, na siku ya arusi ile tu ndiyo alisahau. "Nilidhani sitamwona tena akicheka," alisema. Nikalia naye, mgeni mimi.

Tangu siku hiyo sichapi uso wa marehemu mpaka aje mtu aliyekula naye sahani moja. Na benchi lile huliweka mbele yangu, si mgongoni.

Nanyi mnaonisikiliza, chagueni picha zenu mapema, mwambieni mtu wa nyumbani, na meno yawe nje. Mkizembea, mtalazimika kuja kuchagua wenyewe. Mkija, tafadhali pigeni hodi.