Drone ya leo Mangobo

Sijamwambia mtu yeyote: kilichotulaza chini leo hakikuwa drone ya vita. Walikuwa nyuki wetu.

Papa Zakaria, jirani, alishaapa kuchoma mzinga wetu nyuki wakitoka tu uani.

Na leo walitoka, kundi zima, wakinguruma juu ya paa.

"Drone! Mulale chini!" akapiga kelele yeye mwenyewe, akajitupa matopeni na suti yake ya kanisa. Kisha wote wakakimbilia ndani.

Tantine, shangazi yangu mwenye nyuki, akabaki nje, akaniambia:
"Wanahama tu. Leta kitunga."

Bila moshi, bila glavu, aliwakusanya kutoka kwenye mparachichi walipotua, kama anayembeba mtoto aliyelala. Jamani, natamani mikono ile!

Sasa Papa Zakaria anasimulia kwamba drone iliogopa maombi yake.

Tafadhali, muacheni aamini hivyo. Chekeni humu humu.