Bi Mizani hauzi baiskeli kwa asiyeisukuma

Saa moja na robo asubuhi, dereva wa lori aliyestaafu mwezi uliopita anasukuma baiskeli ya tairi nene kupanda kilima kilicho nyuma ya duka. Mota imezimwa. Kwenye keria ya nyuma limefungwa hema lake jipya, godoro la kukunja, sufuria mbili, jiko dogo la gesi na dumu la maji la lita kumi. Shati limeshamganda mgongoni.

"Dada, si uniache niwashe hii mota!" anapaza sauti.

"Betri imekwisha, baba," anajibu mwanamke aliyesimama chini, mikono ameikunja kifuani. "Uko porini, jua linazama, na kambini bado kilomita saba. Nani akuwashie?"

"Lakini haijaisha!"

"Leo haijaisha."

Dereva anafika kwenye nguzo ya taa, nusu ya kilima, anaiegemea na kutamka neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Mwanamke hacheki wala hakasiriki. Anatoa kalamu sikioni na kuandika kwenye daftari: amekwama nguzoni.

Huyo ndiye Bi Mizani, fundi baiskeli mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Jina hilo amebandikwa na wateja kwa sababu ya mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, aliyoitundika kwenye mlango wa karakana. Anapima baiskeli, anapima hema, anapima mabegi. Ukiwa na kitambi anakutazama tu, na wewe mwenyewe utajikuta unataja kilo zako bila kuulizwa.

Duka si lake. Ameajiriwa hapa kwa miaka tisa, na mshahara wake unaishia kwenye kodi ya vyumba viwili na chakula cha watu watano. Duka linauza na kukodisha baiskeli kwa watu wanaopenda kutoka mjini wakalale kwenye mahema. Zamani walikuja wachache. Siku hizi kila Ijumaa mlango haufungwi, na karibu wote wanataka kitu kimoja: baiskeli ya tairi nene yenye mota ya umeme, kubwa kuliko zote, ile iliyo kwenye picha.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Bi Mizani ana sharti: hakuna mtu anayeondoka na baiskeli ya umeme kabla hajaipakia mizigo yake mwenyewe na kuisukuma kilimani ikiwa imezimwa. Asiyeweza kufika juu, fundi hamsainii kadi ya dhamana. Mwenye duka amechoka na sharti hilo. Wiki hii amempa mpaka leo Ijumaa aamue: awaache wateja wanunue wanachotaka, au afungashe virago.

"Nimeshaamua zamani," anasema, akifungua valvu ya tairi la mbele kwa ukucha. Upepo unatoka ukipiga mluzi. "Yeye ndiye anayesubiri jibu. Mimi sina ninachosubiri."

Hiyo kazi ya kutoa upepo nayo imewahi kumletea balaa. Kwenye mchanga, tairi nene linatakiwa liwe laini, libonyee, litandaze mguu kama wa ngamia. Likiwa gumu linachimba shimo na kujizika. Lakini mafundi wote waliokulia kwenye baiskeli za mjini wanaamini kwamba tairi zuri ni lile ambalo ukilipiga ngumi unaumia wewe. Mwaka juzi mlinzi mpya alimkuta ameinama akitoa upepo kwenye baiskeli kumi za wateja zilizopangwa tayari kwa safari. Alimdaka mkono na kupiga kelele za mwizi mpaka mtaa mzima ukatoka.

"Nikamwambia, kaka, niachie mkono, ninawaokoa hawa. Akasema, hata wezi husema hivyo!" Anacheka mpaka anafuta machozi kwa kiwiko, maana viganja vimejaa grisi.

Kicheko kinakatika anapoulizwa sharti la kilima lilianza lini.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, ambaye hakuwahi kusafiri peke yake maishani. Alitaka siku tatu tu, yeye na hema lake, bila wanafunzi, bila mume, bila simu. Bi Mizani alimpenda papo hapo. Akamchagulia baiskeli ya umeme yenye mota kubwa kuliko zote, kilo thelathini na nne hata kabla ya mzigo. Akajaza tairi mpaka zikawa ngumu kama gogo. Kisha akanakili maneno ya kwenye boksi na kuongeza la kwake, akamwandikia kwenye kikaratasi: Kilomita themanini. Usiogope.

Namba ile ilikuwa ya barabara ya lami, tambarare, mpandaji mwepesi asiyebeba kitu. Kwenye mchanga, na hema, na maji, betri ilizima kwenye kilomita ya thelathini na mbili. Mwalimu alisukuma mpaka mikono ikamwisha nguvu. Aliiacha baiskeli kichakani na kutembea kilomita kumi na moja mpaka barabara kuu, kwa viatu vilivyokatika soli.

"Alikuja baada ya siku nne, miguu imefungwa bendeji," anasimulia Bi Mizani. "Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliweka ufunguo mezani akasema, 'Fundi, mimi nilikuamini,' akaondoka. Niliingia chooni nikalia mpaka bosi akagonga mlango akidhani naumwa tumbo."

Anazungusha pedali kwa mkono, anasikiliza cheni.

"Mimi ndiye niliyeandika 'usiogope'. Siyo kiwanda. Siyo bosi. Mimi, kwa mwandiko wangu."

Tangu siku hiyo, swali lake la kwanza kwa mteja si bei wala rangi. Anauliza, utalala wapi, na je, hapo kuna umeme? Kama upo, na njia ni ya milima, anakuwa mkarimu: chukua yenye mota ya katikati, iliyo kwenye pedali, kwa sababu inasaidiwa na gia na haichoki upesi mlimani kama ile ya kwenye gurudumu. Kama umeme haupo na njia ni mchanga mtupu, mara nyingi anakupa tairi nene isiyo na mota kabisa, nyepesi kwa nusu. Wateja wengine huona wametukanwa. Mmoja alimwuliza kama anamwona maskini.

"Nikamjibu, nakuona una magoti mawili. Nayahurumia."

Mwandishi wa makala haya naye hakusamehewa. Alipewa ile ya kilo thelathini na nne, ikapakiwa dumu na hema, akaonyeshwa kilima. Hakufika hata nguzoni. Kwenye daftari ameandikwa pia, na ameomba jina lake lisisomwe mbele za watu.

Mchana, mume wa Bi Mizani, fundi cherehani mwenye kibaraza ng'ambo ya barabara, anavuka na chakula kwenye bakuli la mfuniko. Yeye ndiye anayeshona mabegi ya turubai yanayoning'inia kwenye fremu, ili uzito ukae chini na katikati badala ya kurundikana nyuma. Anamwangalia mkewe akila, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama bosi amesema lolote.

"Bado."

"Na wewe utasema nini?"

"Mume wangu, kula viazi."

Saa nane na nusu jibu linahitajika. Wafanyakazi sita wa kiwanda cha sabuni wanaingia kwa kishindo, wamechangishana mwaka mzima, wanataka baiskeli sita za umeme, zile kubwa, na wanaondoka kesho asubuhi. Mwenye duka anawapokea kwa mikono miwili. Kadi sita za dhamana zimeshajazwa, zimebaki saini za fundi.

"Saini, watu waende," anasema mwenye duka, akisukuma kadi juu ya meza.

"Wapande kilima kwanza."

"Hawana muda."

"Mchangani watapata muda wa kutosha, mzee."

Mmoja wa wale sita, mwanamke aliye msimamizi wa zamu kiwandani, anasogea mbele. "Kwani kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu, mama," mwenye duka anawahi. "Ni mazoea yake tu huyu."

"Mnakwenda kulala wapi?" Bi Mizani anamwuliza mwanamke, kana kwamba bosi hayupo.

"Bondeni, kwenye mchanga, siku nne."

"Kuna umeme?"

"Umeme utoke wapi huko?"

Bi Mizani angeweza kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa na kulinda ugali wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Anaitoa baiskeli moja nje, anaipakia, anazima mota na kumkabidhi usukani. Msimamizi wa zamu anavua viatu vyake vya kisigino na kuanza kusukuma peku, wenzake wakimshangilia kutoka chini. Nguzoni anasimama. Anajaribu tena, baiskeli inamrudisha nyuma hatua mbili. Anashuka nayo taratibu, akihema.

"Hii hapana," anawaambia wenzake. "Mimi nimelea watoto wanne, hakuna aliyewahi kunichosha hivi."

Baada ya nusu saa wanaondoka na tairi nene nne zisizo na mota, na mbili tu za umeme, zenye mota ya katikati, za kubeba maji na kutumika kwa zamu. Bi Mizani anatoa upepo kwenye tairi zote kumi na mbili na kumfundisha kila mmoja kubonyeza kwa kidole gumba mpaka ajue ulaini unaotakiwa. Anasaini kadi sita bila kunung'unika. Jumla ya mauzo haifiki nusu ya ile aliyoitarajia mwenye duka.

Mwenye duka anasubiri mpaka wageni wapinde kona. Si mtu mbaya. Ana mkopo wa bidhaa, na stoo imejaa mota kubwa zisizotoka.

"Umenivunjia biashara mbele ya macho yangu. Imetosha. Leo ndiyo siku yako ya mwisho."

Bi Mizani anavua aproni, anaikunja mara nne na kuiweka juu ya meza. Anakusanya spana zake, geji yake ya upepo, na mizani, ambayo aliinunua mwenyewe. Kisha anasema kwa sauti inayofika barabarani.

"Miaka tisa, mzee, asante. Duka ni lako, stoo ni yako, hata kiti nilichokalia ni chako. Lakini kile kilima ni cha watu wote."

Anavuka barabara. Mumewe ameshasogeza cherehani pembeni ya kibaraza, na sasa anatafuta msumari wa kutundikia mizani. Wana baiskeli tatu kuukuu za tairi nene alizozifufua Bi Mizani mwenyewe na moja ya umeme yenye betri iliyochoka. Kwa hizo anapanga kuanza kukodisha Jumatatu, na kufikia mwisho wa mwaka awe na nane. Hana leseni bado. Hana hata bango.

Mwandishi anaamua kumwuliza, itakuwaje wateja wakikataa kusukuma, wakaenda pale ng'ambo wanakouziwa bila usumbufu?

"Nitawapungia mkono," anasema, akiujaribu msumari kwa kuuvuta. "Na wakirudi kwa miguu nitawapa maji ya kunywa, wapumzike. Halafu wataanza na kilima."