Nilijifunza slap ya besi bila spika, nusura ninyang'anywe gitaa la kwaya

Wakuu, habari za leo.

Mimi humu huwa nasoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Naandika polepole kwa simu, mnivumilie.

Naishi Morotonga, nje kidogo ya Mugumu. Napiga besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Shule niliishia la saba, na kuongea mbele za watu siwezi kabisa. Kikao cha kwaya naweza kukaa mpaka kinaisha sijatoa neno. Nikishika besi ndipo watu wanajua kuwa nipo.

Gitaa ni la kwaya, lipo moja tu. Mwalimu wetu wa kwaya huniruhusu kwenda nalo nyumbani katikati ya wiki.

Nilikuwa najifunza slap kwa video nilizorushiwa kwenye simu. Slap ya kawaida, yaani kugonga waya kwa dole gumba na kuuchomoa kwa kidole cha shahada, nilishaweza. Nikahamia double thumb, yaani dole linagonga likishuka, linagonga tena likipanda. Hiyo ilinitoa malengelenge.

Shida ni kwamba nyumbani sina spika, na besi ya umeme bila spika haisikiki. Nilikuwa naegemeza shavu kwenye mbao ya gitaa, nasikia mlio kupitia taya. Na ili nisikie vizuri, nagonga kwa nguvu.

Mama akipita ananiuliza, "Jino limekuanza tena?"

Kosa langu lilikuwa hapo wakuu, ila sikulijua.

Ikafika Jumamosi, mazoezi ya mwisho. Kesho yake tulikuwa tunapokea kwaya ya wageni kutoka Tarime. Kwenye wimbo mmoja Mwalimu alikuwa ameniachia nafasi kati ya ubeti wa pili na wa tatu, besi peke yake.

Nikachomeka gitaa kwenye spika ya kanisa, nikagonga kama nilivyozoea.

Spika ililia kama mawe juu ya bati. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaziba masikio.

Chacha, anayepiga kinanda, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mura, hilo ni gitaa au unapasua kuni?" Mura huku kwetu ni kijana.

Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi.

Mwalimu akasimamisha wimbo. "Kesho ukipiga hivi, besi inaingia stoo. Chacha atatupigia kwa kinanda, mkono wa kushoto unatosha."

Walio kwenye kwaya mnajua. Gitaa likishaingia stoo namna hiyo halitoki.

Wengine walipoondoka, Bhoke, dada anayepiga dramu, akanifuata.

"We si unapigia nyumbani bila spika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ndiyo maana. Unatafuta sauti kwa nguvu wakati spika inakupa bure. Fungulia sauti mpaka juu, halafu piga kama hutaki isikike."

Tukamwomba Mwalimu atuachie spika kwa muda wa saa moja, kabla kikao cha akina mama hakijaanza. Nikafungulia mpaka juu. Kila nikigonga kwa nguvu nashtuka mwenyewe. Dole likaanza kuogopa, likawa linagusa na kuondoka. Muda ulipoisha, slap ya kawaida ilikuwa imetulia. Double thumb bado.

Jumapili sikunywa hata chai.

Kanisa lilijaa. Wageni wamekaa mbele, na mpiga besi wao ananitazama vidole. Jasho la mikono nafuta kwenye suruali. Ubeti wa pili ukaanza, nikawaza: nikisingizia naumwa sasa hivi, nani atajua?

Hapo nikagundua besi ninayoisikia si yangu peke yangu. Nikamwangalia Chacha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapiga besi chini chini. Baadaye nilikuja kujua Mwalimu ndiye aliyemwagiza, anifunike nikiharibu.

Iliniuma. Lakini muda wa kuumia haukuwepo, ubeti ulikuwa umeisha.

Double thumb yote niliyoihangaikia nikaiacha. Nikagonga noti chache, laini. Nikaacha kimya kidogo. Nikachomoa moja. Bhoke akanijibu kwenye dramu. Mama mmoja kwa wageni akapiga kigelegele.

Ubeti wa tatu ulipoingia niliogopa kuangalia kinanda. Nikaangalia hivyo hivyo. Chacha alikuwa anajifuta jasho usoni kwa mkono wa kushoto, na hakuurudisha.

Baada ya ibada Mwalimu hakunisifu. Alisema tu, "Jumatano uje uchukue gitaa."

Nilichojifunza: usizoee slap bila spika, hata kama ni kaspika ka kuazima. Mkono unazoea nguvu ambayo haihitajiki, na kuuachisha ni kazi. Na kitu ambacho mkono haujakishika, usikipeleke mbele za watu, hata kama umekihangaikia wiki nyingi.

Double thumb bado inanishinda, dole likipanda linanasa chini ya waya. Na Jumapili bado naziogopa, sitawadanganya.

Mnaopiga besi humu, nyie mlipitaje hapo? Niambieni. Mkiona nachelewa kujibu, nipo, naandika.