Wazee Wawili wa Msikitini

Nakwambia wewe kwa sababu nakuamini, maana nyumbani kwetu jambo hili hatulizungumzi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiishi Marekani. Viza yake ilikwisha zamani, na ana mke na binti mdogo kule. Mwaka mmoja watu wa kule wakaandamana katika miji yao kupinga wageni kukamatwa. Akanipigia simu hapa Maskati.

"Dada, kesho na mie nnakwenda kuandamana."

"Ukapige makelele barabarani? Kwani umeiba?"

"Sijaiba, dada. Karatasi tu ndiyo sina."

Nikamwambia afanye kama tulivyofanya sisi. Tulipotoka Unguja kuja huku Maskati tulikwenda ofisi ya serikali na wazee wawili, wakaapa kwamba wanamjua baba yetu na kabila letu, tukapata uraia wa hapa.

"Chukua wazee wawili wa msikitini, nenda mwenyewe, sema kweli. Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wakweli."

Akanisikiliza, maana mimi ndiye niliyemlea. Kwenye maandamano hakwenda. Akenda uhamiaji na wazee wake. Wazee walirudi, yeye alifungwa, kisha akarejeshwa huku peke yake. Walioandamana walilala makwao.

Sasa anakaa kwangu, mtaa wa Mabela hapa Maskati. Kila Ijumaa binti yake humuuliza kwenye simu atarudi lini, na mimi hukimbilia jikoni nisisikie jawabu. Bado naamini kusema kweli. Lakini mimi ndiye niliyempeleka.

Kama una ndugu kule, tafadhali msimulie haya, umwambie atafute wakili kwanza.